Kuzunguka bandari ya Copenhagen kwa baiskeli

Nilikuwa Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, kwa shughuli nyingine kabisa, ila nilipopata mwanya nikakodi baiskeli nikasema hii njia yao ya bandarini lazima niizunguke. Wenyewe wanaiita Havneringen, kilomita kama 13 hivi, unafuata maji upande mmoja unavuka daraja unarudi na upande wa pili. Mwenye mbio zake anaimaliza mapema tu, mimi ilinila muda maana kila daraja nilikuwa nasimama kuchungulia watu wanavyopita.

Nikaanzia Nyhavn, pale kwenye majumba ya rangirangi, watalii wamejaa mpaka basi. Ukitoka hapo unavuka Inderhavnsbroen, daraja la 2016 la baiskeli na waenda kwa miguu tu, na meli ikija vipande vya katikati vinateleza kurudi nyuma kuipisha. Kwa picha ni zuri sana. Kwa kuendesha sasa, mmh! Unapanda kwa kusukuma pedali kweli kweli, halafu kule juu njia haijanyooka, inakukata kona za ghafla pale vipande vinapokutana, na mwenzako anakuja mbele yako naye anakata hiyo hiyo. Nahisi waliwaza meli kwanza, mtu wa baiskeli akaja baadaye.

Kinachochekesha ni kwamba ukisogea kidogo upande wa mtaa wa Christianshavn unakutana na Cirkelbroen, daraja la 2015, kazi ya msanii Olafur Eliasson, majukwaa 5 ya duara yameunganishwa na kila moja lina mlingoti kama jahazi, na lenyewe halijanyooka hata kidogo, tena makusudi ili watu wapunguze mwendo. Na hapa sikukasirika kabisa! Maana kona unaziona toka mbali, umeshapunguza kabla hujafika, na watu wamesimama wanaangalia mashua kwahiyo hata wewe unajua hapa si pa mbio. Kona ni zile zile, ila moja inakuambia mapema nyingine inakushtukiza.

Mbele kuna Islands Brygge, mtaa wa kando ya maji, huko ni nyasi, watoto, watu wanaota jua, wengine wanaoga kwenye bwawa lililowekwa bandarini humo humo maana maji siku hizi ni masafi. Raha tupu kwa mtembeaji. Anayewahi kazini hapo lazima avumilie, mpira unaweza kukatiza mbele ya tairi wakati wowote.

Ila kilichonifanya nizunguke hasa ni upande wa kusini. Daraja la Bryggebroen lilijengwa 2006, baiskeli na waenda kwa miguu kila mtu na upande wake, likaleta baiskeli nyingi ng'ambo, na kule ng'ambo zikagota kwenye ngazi pale karibu na moli ya Fisketorvet. Ngazi jamani! Ama ubebe baiskeli ama upenyepenye katikati ya watu waliojaa mifuko ya shopingi, na wao nao wanakuona kero. 2014 wakajenga Cykelslangen, daraja la juu la baiskeli peke yake, sakafu rangi ya machungwa, mita 200 na ushee, linapinda polepole juu ya maji katikati ya majengo, huhitaji hata breki. Huku chini gati likabaki la watembea kwa miguu. Mimi naona hiyo ndio kazi yenyewe, mtu wa haraka umempa njia iliyo nzuri kuliko ile ya kwanza, kwahiyo hakuna haja ya kibao cha kumkataza asipite kwa watu, mwenyewe tu hapiti.

Kurudi nilipita Kalvebod Brygge, barabara kubwa na maofisi marefu yanayotia kivuli gati, wakaongeza majukwaa ya kupindapinda yanayotoka juu ya maji kufuata jua, yanaitwa Kalvebod Bølge, toka 2013. Watu wanakula lanchi humo.

Ukienda, usizunguke jumapili. Nenda asubuhi watu wanapowahi kazini, na zile baiskeli za boksi mbele zimepakia watoto, usimame juu ya Bryggebroen dakika chache uone nani anafunga breki na wapi.