Jinsi Nilivyorudisha Mkono Wangu Kwenye Uchoraji

Mwaka jana, hapa Lubumbashi, nilikaa miezi minne bila kuchora picha hata moja iliyonipendeza. Kila asubuhi niliketi mbele ya kitambaa changu cha kuchorea, nikachora bomba la moshi la kiwandani na kilima cheusi cha mabaki ya madini, yaani picha ambazo wateja huzinunua daima, kisha nikazifuta kwa hasira. Nilidhani kasoro ilikuwa kwenye rangi. Nikanunua nyingine, bila faida.

Kilichonifungua ni kusoma habari za karakana ya uchoraji ya Hangar, iliyoanzishwa mjini humu mwaka 1946 na Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, ambaye hakutaka wanafunzi wake waige wachoraji wa Ulaya. Mmoja wa wanafunzi hao, Bela, alichora kwa ncha za vidole, na Pilipili Mulongoy alizungushia ndege na samaki wake vistari vidogo vidogo mpaka nafasi yote ikajaa. Basi nikaweka brashi kando kwa wiki mbili, nikachovya vidole, na kwa kuwa kidole changu hakiwezi kuchora bomba lililonyooka, nililazimika kutafuta jambo jingine: maua ya jakaranda yaliyokanyagwa barabarani. (Mke wangu alilalamikia mashuka, na alikuwa na haki.)

Gitaa la Mwenda Jean Bosco, mwanamuziki wa Katanga aliyepiga nyuzi kwa vidole, lilinisaidia kushika mwendo wa vidole. Safari ya mji wa Likasi haikunipa kitu ila vumbi.

Picha ya tatu ya vidole iko ukutani, sijaifuta.