Februari, Posta, na rafu za vitabu: siku moja maishani mwangu

Saa 11 alfajiri. Kimara bado giza, lakini shuka limeshalowa jasho. Februari ya Dar haina usiku wa kupumzika. Bati lililoota jua kutwa nzima jana bado linatema joto. Naoga, nakunywa chai ya rangi, natoka. Kwenye mwendokasi nasimama kuanzia Kimara Mwisho hadi Posta ya Zamani. Humo ndani hakuna kusoma: mkono mmoja umeshika bomba, wa pili unalinda simu.

Saa 1:30 asubuhi. Mimi ni karani kwenye ofisi ya wakala wa forodha. Leo kuna kontena la vipuri vya pikipiki, na mwenye mzigo ananipigia hata sijaweka begi chini. Uzito ulioandikwa kwenye B/L, ile hati ya kusafirishia mzigo kwa meli, haulingani na ulio kwenye orodha ya mzigo, na mpaka ulingane, TANSAD, yaani fomu ya tamko la forodha, haiendi kokote.

Saa 4. Bandarini na kurudi kwa miguu. Kaskazi inavuma, ila ni upepo uliokwisha pashwa moto kabla haujatufikia.

Saa 6:30 mchana. Sasa jua liko utosini kwelikweli. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi jua hupita juu kabisa ya vichwa vyetu, na wiki hizi limebakiza kidogo tu. Kivuli cha ghorofa kimekunjwa chini ya ukuta wake. Tembea upande wowote wa barabara ya Samora, utaungua. Nakula wali maharage upesi kwa mama lishe, nawaachia wenzangu soga zao, naelekea duka la vitabu la Tanzania Publishing House (TPH).

Napenda niseme kwa nini pale. TPH ni shirika la uchapishaji lililoanzishwa mwaka 1966, na mwaka 1972 lilishirikiana na wachapishaji wa London kutoa kitabu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, wakati Rodney akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hoja iliyosomwa dunia nzima ilitoka na jina la mji huu kwenye ukurasa wake wa mwanzo. Walter Bgoya, aliyeiongoza TPH miaka ile, baadaye akaanzisha kampuni ya uchapishaji ya Mkuki na Nyota mwaka 1991, na vitabu vya Mkuki ndivyo ninavyovifuata Samora.

Kabla sijagusa kitu, nakausha mikono. Nina leso mbili, moja ya uso na moja ya vidole. Joto la pwani na karatasi havipatani: kidole gumba chenye jasho kikikaa pembeni mwa ukurasa, karatasi inavimba pale pale na kubaki na alama hata ikikauka. Kitabu si changu bado, ni cha atakayekilipia, basi nakifungua nusu tu, uti wake usivunjike.

"Kaka, leo umefika wapi?" dada wa pale ananiuliza.

"Msafara umeshaondoka pwani, dada. Wanaelekea bara."

Ninachosoma ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar aliyepata Nobel mwaka 2021, kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis. Kijana Yusuf ametolewa na baba yake kufidia deni, akaishia kwa tajiri wa pwani. Mimi ninayeshinda na makaratasi ya mizigo, habari za wapagazi, bidhaa za kubadilishana na hongo za machifu njiani zinanigusa mahali pengine kabisa. Asubuhi nilikuwa nagombana na kilo za vipuri. Hapa nauona mzigo ukiwa mgongoni mwa mtu.

Mzee mmoja anaingia, anajifuta shingo. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Nje hakukaliki." Hakuulizwa anataka nini. Akachukua kitabu cha historia ya Kilwa, akaanza kusoma palepale aliposimama.

Hili ndilo ninalolitetea kila nikipata wa kumwambia. Katikati ya mji, saa sita mchana, ukitaka kivuli sharti uagize soda, na soda ikiisha unatazamwa. Duka la vitabu linalokuacha usome linakupa kivuli na kitu cha kuwaza. Ndiyo maana siwaelewi wauzaji wanaofunga kila kitabu kwa nailoni. Mtu atatoaje elfu ishirini kwa kitu asichojua kinavyoanza? Kila kitabu nilicho nacho nyumbani nilikionja kwanza nikiwa nimesimama. Najua kuna Maktaba Kuu kule barabara ya Bibi Titi, iliyofunguliwa mwaka 1967, na ningekuwa na mchana mzima ningekwenda. Nina saa moja, na kumi kati ya dakika zake ni za njiani.

Saa 7:30 narudi ofisini. Mchana unapita kwa simu. Uzito umerekebishwa, kontena litatoka kesho.

Saa 11 jioni. Jua limelegea, na wauza vitabu vya mitumba wametandika turubai pembezoni mwa barabara. Unaweza kujua kitabu kimeanikwa muda gani kwa jalada lake: wekundu na manjano hufifia kwanza, mwishowe picha nzima inabaki buluu. Nachagua kimoja cha hadithi za wanyama, buluu tupu, kurasa zote zipo. Tunapatana kwa elfu mbili.

Saa 2 usiku, Kimara. Binti yangu anakipokea kile cha wanyama, anakipekua, halafu anauliza la maana zaidi kwake.

"Baba, Yusuf amerudi kwao?"

"Bado, mwanangu. Yuko njiani, bara huko."

"Si ukinunue tu tujue?"

"Mshahara ukitoka."

"Ukitoka lini?"

"Ijumaa ijayo."

Amekwenda kuitia Ijumaa ijayo duara kwenye kalenda ya ukutani, kwa kalamu nyekundu ya mama yake.