Nani kashika mitambo?

Kwenye sendofu za hapa Dodoma mimi ndiye fundi mitambo: spika, waya, mikisa, maiki za MC. Natangulia ukumbini mapema, iwe Ipagala au Area D, na hakosekani baba wa kamati atakayenipita, achungulie nyuma ya spika, kisha aulize, "Dada, fundi hajafika?" Namjibu, "Shikamoo baba, ameshafika." Anaendelea kumtafuta.

Nikipima sauti, wageni hawajaingia, napiga panki ya wanawake, yaani roki ya haraka yenye magita makali. Kinachonivutia humo si makelele. Makelele wanawake wa huku hatukunyimwa. Mwenye shaka aende Chamwino akawaone akina mama wa Kigogo na ngoma ya muheme: imebanwa mapajani, mikono inachapa, ukumbi wowote wangeujaza bila spika zangu. Hiyo ni ngoma yao tangu zamani. Zeze la nyuzi na ilimba ya kupigwa kwa vidole gumba ndivyo vilivyokuwa vya wanaume, pamoja na kuongoza wimbo. Mwaka 2024 Pendo, binti wa marehemu Hukwe Zawose, gwiji wa muziki wa Kigogo, na Leah wa ukoo huohuo wakatoa albamu yao, Maisha, kwa jina la The Zawose Queens, na humo wameshika vyote. Wao hawajiiti wanapanki. Mimi nawaita.

Maana panki hoja yake ni hiyo: shika gita, jifunze kodi (chords) tatu, panda jukwaani, ruhusa usiingojee. Poly Styrene, baba Msomali, mama mzungu wa Uingereza, aliunda bendi ya X-Ray Spex London mwaka 1976, binti mdogo mwenye vyuma vya kunyooshea meno. Sauti yake ina makali ambayo fundi yeyote mkono ungemwasha ayapunguze. Afadhali hayakupunguzwa. Kisha miaka ya 1990 Kathleen Hanna wa Bikini Kill, bendi ya Marekani, akawa anawaambia wanaume warudi nyuma ili wasichana wasimame mbele. Ninavyopajua mbele ya jukwaa ikishafika saa tano usiku na bia zimeshazunguka, sioni kama alizidisha.

Wa siku hizi niwapendao zaidi ni bendi ya Big Joanie, wanawake weusi wa London walioanza mwaka 2013. Kwenye Sistahs, albamu yao ya 2018, mpiga drams wao wa wakati huo alikuwa wa kupiga amesimama, na ngoma zake chache tu. Nilipowaweka majuzi, mama mmoja wa jikoni alitoka na mwiko mkononi.

"Mwanangu, hao wanagombana na nani?"

"Hawagombani mama, wanaimba."

"Haya, ongeza basi, huku hatusikii."

Nikaongeza, ila si sana, kwa sababu spika si zangu. Hapo ndipo uhuru wangu unapokwama, nyimbo ziwepo zisiwepo. Mikisa ni yangu, waya ni zangu, lakini spika nakodi, na mwenye spika ndiye anayeamua niende kazi gani, nibaki na shilingi ngapi, na sauti iishie wapi. Sabufa mbili za inchi 18 nimeshazichagua, nalipa kidogo kidogo, na muuzaji kanivumilia. Zikitoka dukani, baba wa kamati anayetaka punguzo itabidi aongee na mimi.