Bajeti husomwa kuanzia nyuma

Juni ikiingia Dodoma, upepo wa baridi unaanza kuchapa, nyumba za wageni za Area C na Area D zinajaa, na waandishi tunakimbizana na jumla kuu. Trilioni ngapi mwaka huu? Jibu linapatikana jioni Waziri wa Fedha anaposimama, na kesho yake magazeti yote yana kichwa kimoja. Mwaka 2023/24 ilikuwa trilioni 44.39, mwaka 2024/25 ikawa trilioni 49.35. Ongezeko la asilimia 11, habari imekwisha, na mtu wa Nkuhungu, hapa hapa mjini, hajajua kama bomba lake litatoa maji.

Jumla kuu haina habari kubwa ndani yake. Mle mna mishahara na ulipaji wa deni la Serikali, vitu ambavyo hulipwa kwanza, na yote ni makisio ya fedha ambazo bado hazijakusanywa. Habari ni kilichotoka Hazina katika kile kilichoidhinishwa mwaka jana, na hicho hakisomwi wizara kwa wizara siku ya bajeti kuu. Kimo kwenye hotuba za wizara, zinazoanza Aprili.

Chukua ya Maji, Fungu 49 (fungu ni namba ya wizara au taasisi katika vitabu vya bajeti). Ruka shukrani na pole za mwanzo (nyingine zinakula kurasa nzima) uende kwenye aya ya fedha zilizopokelewa. Kabla ya asilimia, tazama tarehe. Mwaka wa fedha huanza Julai, kwa hiyo "hadi Machi" ni miezi 9, yaani robo tatu ya mwaka. "Hadi Aprili" ni miezi 10, asilimia 83. Wizara iliyopokea asilimia 60 hadi Aprili imebaki nyuma sana, lakini ukiandika 60 tupu msomaji ataona imevuka nusu, si mbaya. Kisha tenganisha matumizi ya kawaida na ya maendeleo. Mishahara haikwami, kwa hiyo asilimia ya jumla hupendeza hata kama miradi imelala.

Ndani ya maendeleo kuna mgawanyo mwingine ambao wengi wanaupita: fedha za ndani na fedha za nje. Mkopo wa nje unaweza kuwa umesainiwa na picha zimepigwa, lakini kila hatua ya zabuni inangoja kibali cha mfadhili, na fidia ya wananchi kwa kawaida hutoka fedha za ndani. Fidia isipotoka, mkandarasi haingii eneo la kazi. Akishaingia, hulipwa kwa hati za madai; zikichelewa, riba inaanza kuhesabiwa, na riba hiyo inalipwa na bajeti ya mwaka mwingine. Ndiyo maana mradi wenye fedha kwenye kitabu unaweza kuwa hauna hata greda.

Kwa mradi wa miaka mingi, hotuba moja haitoshi. Bwawa la Farkwa wilayani Chemba ni mfano mzuri, kwa kuwa mji wa Dodoma umelisubiri miaka huku ukitegemea zaidi visima vya Mzakwe. Weka mezani hotuba tatu za miaka inayofuatana, utafute hatua tu: usanifu, fidia, kumpata mkandarasi, malipo ya awali, asilimia ya ujenzi. Hatua ikiwa ile ile miaka miwili, swali la kumuuliza Waziri limeshapatikana, tena haliwezi kujibiwa kwa "mchakato unaendelea".

Ukumbini, saa yenye uzito ni Kamati ya Matumizi, Bunge zima linapokaa kama kamati kupitia mafungu. Hapo Spika anageuka Mwenyekiti, na mbunge asiyeridhika anashika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani anataka upunguzwe shilingi moja mpaka apewe maelezo. Wanaofuatilia kwa mbali huona kelele tu. Sikiliza jinsi shilingi inavyorudishwa: Waziri ametaja kiasi na tarehe, au ameahidi "kulifanyia kazi"? Ahadi yenye tarehe iandike pembeni. Nyingine achana nayo.

Kura ya mwisho huitwa majina, mmoja mmoja, na matokeo yake hayashangazi mtu; Bunge likikataa bajeti, ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais nafasi ya kulivunja.

Kodi nazo zisiandikwe kutoka kwenye hotuba pekee. Hotuba inapendekeza, Muswada wa Sheria ya Fedha unarekebishwa, kisha kanuni za Waziri zinaweza kubadili viwango bila kurudi bungeni. Tozo ya miamala ya simu ilianza Julai 15, 2021 kwa shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Ilipopunguzwa kwa asilimia 30 Septemba, ilikuwa kwa kanuni. Aliyeishia kwenye hotuba ya Juni alikuwa na viwango vilivyokufa.

Kuna jambo moja linaniudhi. Ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kufika bungeni Aprili, ikieleza mwaka uliofungwa Juni iliyopita. Inafika wiki zile zile wizara zinapoanza kuomba fedha mpya. Vyombo vinaipa siku tatu za vichwa vikubwa, kisha vinahamia kwenye hotuba, wakati fungu linaloombewa fedha leo ndilo lililohojiwa juzi. Namba ya fungu haibadiliki kati ya vitabu hivyo viwili, kwa hiyo kulinganisha ni kazi ya mchana mmoja.