Kaimati za bibi waacheni, shida iko kwenye kreti la soda

Idi ikikaribia tu kwetu mjadala ni uleule, watoto na sukari. Mi niseme mapema kabisa, siko kwenye kile chama cha wanaotaka sikukuu iwe ya karoti na matango, mtoto kajikaza kufunga hata nusu siku, kangoja nguo mpya mwezi mzima, alafu asubuhi ya Idi unamwekea tango kwenye sahani?? Hapana jamani. Vileja viwepo, visheti viwepo, kaimati ziwepo. Ila kuna vitu tunavilaumu bure na vingine vinapita hivihivi mlango wa mbele tunavichekea.

Mama mkwe wangu (yuko Unguja, sikukuu nyingi tunavuka boti kwenda kwake) kila nikigusa hii mada ananiambia "mwanangu, nyinyi si ndo mlikula hivihivi na mkakua?" Na kweli tulikula. Lakini mama, namjibu, sisi soda moja ya chupa ilikuwa inagawiwa kwenye vikombe vya bati watu wanne, na ukimaliza fungu lako umemaliza mpaka Idi nyingine au harusi. Leo mtoto anaamka anakuta kreti barazani, nyumba ya shangazi soda, nyumba ya jirani soda, kiwanjani juisi za kwenye chupa za plastiki. Kaimati hazijabadilika ujue, kilichobadilika ni vinywaji.

Tupige hesabu kidogo. Soda nyingi za kola zina kama gramu 10 na ushee za sukari kwa kila mililita 100, kwahiyo chupa ya 350 ina karibu gramu 37, yaani vijiko vya chai 9 hivi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu yote mtu anayokula kwa siku, na ikishuka chini ya 5 ndo bora zaidi. Mtoto wa darasa la kwanza anayehitaji kama kalori 1,400, hiyo asilimia 10 ni gramu 35. Umeona? Chupa moja tu imeshamaliza kiwango cha siku nzima na imepitiliza, na hapo bado hajagusa hata kileja, na saa nne asubuhi haijafika. Na wale wa "sisi hatutoi soda tunatengeneza juisi" msitabasamu sana, kwa mwongozo huohuo juisi nayo sukari yake inahesabiwa, hata kama ni embe tupu hujaweka kitu. Embe lenyewe la kumenya na kutafuna halihesabiwi. Kwahiyo nyumbani kwangu matunda tunatafuna, na cha kunywa ni maji baridi au madafu, dafu lina sukari ndio ila kidogo sana ukilinganisha na soda, na watoto wanapenda kunywea kwenye dafu lenyewe na mrija basi wanaona wamefika.

Sasa kuna hili ambalo mashoga zangu huwa hawaniamini, kwamba sukari siyo inayowapandisha watoto wazimu. Hii imepimwa sana. Mwaka 1995 ilitoka tathmini iliyokusanya majaribio ya kitaalamu ya miaka mingi na haikuona kwamba sukari inabadilisha tabia ya watoto. Na mwaka mmoja kabla watafiti walifanya kitu cha kuchekesha, waliwaambia kina mama fulani kwamba watoto wao wamepewa sukari nyingi wakati hawakupewa kabisa, na kina mama wakaja kuripoti kwamba watoto hawatulii! Kwahiyo yule mtoto anayerukaruka kwenye makochi saa mbili usiku siku ya Idi pili si sukari, ni kwamba kaamka alfajiri, kazungukwa na binamu, kapewa hela, hajalala mchana. Mlaze.

Meno ndo yananipa wasiwasi mimi. Vijidudu vya mdomoni vinakula sukari vinatoa asidi, na kila mtoto anapoingiza kitu kitamu asidi inafanya kazi yake kwenye jino kwa kama nusu saa au zaidi kabla mate hayajarudisha hali. Ina maana anayekula visheti vitano kwa mpigo baada ya pilau ana nafuu kuliko anayetembea navyo mfukoni anatafuna kimoja kimoja kuanzia asubuhi mpaka magharibi, japo wote wamekula vitano. Na vile vinavyonata ndo balaa, ubuyu wa rangi, kashata, pipi za kutafuna, vinakaa kwenye mapengo ya magego masaa. Nilivyoelewa hilo tu nikaacha kuhesabu vipande nikaanza kuangalia saa. Vitamu vinaliwa baada ya chakula, sinia linatoka, kila mtu anakula anavyotaka, sinia linarudi kabatini. Katikati ya hapo ni maji. Usiku mswaki wenye dawa ya floridi hata kama mtoto kasinzia kwenye gari, namwamsha, analia, anapiga mswaki analala.

Lingine ni asubuhi. Watoto wengi wanaanza sikukuu na tumbo tupu kwa sababu haraka ya nguo mpya, alafu cha kwanza kuingia ni soda ya jirani. Wazanzibari hapa wametuzidi, wana bokoboko. Ngano na nyama au kuku imepikwa usiku kucha ikavurugika, samli kidogo juu, mtoto akila bakuli la hiyo anashiba kweli, hata akikutana na mabakuli ya pipi anachukua moja anaenda kucheza. Na kwa Idi ndogo sunna yenyewe ni kula tende kabla ya kwenda kuswali, kwa witiri, moja au tatu au tano, kwahiyo kitamu cha kwanza cha siku kinakuwa na kambakamba na mtoto anajua kwanini anakula. Idi Kubwa mpangilio ni mwingine, watu wanakula baada ya swala, lakini siku hizi inaangukia mwezi wa 5 na wa 6 huko, machungwa ya Muheza yanaanza kumwagika sokoni, basi nanunua tenga naweka barazani pale pale kreti lilipokuwaga linakaa. Wanamaliza wenyewe bila kuhubiriwa.

Jikoni nimepunguza bila kutangaza. Kaimati sizizamishi kwenye shira zikalala humo, shira naipika nyepesi nanyunyizia wakati wa kuandaa, juu zinang'aa vilevile. Mkate wa kumimina ukizidisha tui zito na hiliki unaweza kupunguza sukari robo nzima na hakuna atakayekuuliza, harufu ya hiliki inaudanganya ulimi. Mawifi zangu walikula wakasifia, mi kimya.

Kwenye mkono wa Idi hapo ndo mtihani, maana hela ni ya mtoto na duka liko mita chache. Nisichopenda ni kumnyang'anya, mtoto hasahau hiyo. Tunachofanya tunakubaliana mapema kwamba hela za kwanza ni za bembea na mdoli au gari, askrimu inakuja jioni tukiwa tunaondoka kiwanjani, moja, anachagua mwenyewe. Pale Mnazi Mmoja mjini Unguja jioni za sikukuu kuna vya kununua vingi mno vya kuchezea mpaka ukweli ni kwamba wakianzia huko hela ya pipi haibaki nyingi.

Kuna kitu kimoja tu ambacho sina mzaha nacho, vichanga. Mtu anambeba mtoto wa miezi minane anamlambisha soda kwenye kifuniko eti naye asherehekee. Chini ya miaka miwili hana haja na sukari ya kuongezwa hata chembe, na asali chini ya mwaka mmoja ni hatari kabisa, inaweza kuwa na vijimbegu vya botulizimu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvidhibiti. Hapo hata awe nani, namchukua mwanangu kwa adabu, "shikamoo shangazi, ngoja nikamnyonyeshe," nimeshaondoka.

Kilichonishinda mpaka sasa ni tambi za sukari. Nikipunguza sukari zinakosa ile kushikamana na kung'aa, zinakuwa kama zimepikwa na mtu aliyenuna, nimejaribu kuongeza zabibu, nimejaribu kukatia tende, bado. Anayezipikaga na zinatoka vizuri bila kilo ya sukari naomba anielekeze, na aseme kabisa tui anaweka kabla au baada ya kuzikaanga.