Droni juu ya uzio: saa na ngumi kwanza

Tarehe 19 Desemba 2018, kama saa tatu usiku, mlinzi mmoja wa uwanja wa ndege wa Gatwick, kusini mwa London, alitoa taarifa kwamba ameona droni. Njia ya kurukia ikafungwa, na ukiacha muda mfupi alfajiri, haikufunguliwa tena mpaka asubuhi ya tarehe 21. Safari zipatazo 1,000 zilivurugika. Jeshi likaletwa na mitambo yake. Polisi wa Sussex walihesabu taarifa 129 za watu walioona droni, wakakamata mke na mume, wakawaachia bila mashtaka, na mwishowe wakawalipa fidia na gharama za mawakili jumla ya pauni 200,000. Droni haikupatikana, wala aliyeirusha. Mkuu wa polisi mwenyewe alikiri kwamba huenda baadhi ya watu waliona droni za polisi zilizokuwa zikiisaka ile ya kwanza.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue nini kulinda kituo cha kupozea umeme au bohari ya mafuta, namuuliza kwanza: walinzi wako wanaandika nini?

Jicho la mtu lina mipaka. Droni ya kupigia picha yenye upana wa sentimita 35, ikiwa mita 500 kutoka ulipo, ni kama sehemu ya kumi na tatu ya upana wa mwezi. Kilomita moja ni nukta. Muungurumo wake huusikii transfoma zikivuma. Usiku unabaki na taa, na taa moja gizani ukiikazia macho huanza kucheza hata kama imetulia. Basi mlinzi asiandike "droni kubwa, mita 200 juu". Aandike alichoweza kupima.

Saa iandikwe kwa mtindo wa saa 24: 21:03. "Saa tatu" ya mlinzi na saa tatu ya rekoda ya kamera zimeshagombanisha ripoti nyingi, na rekoda yenyewe mara nyingi inakimbia au imechelewa dakika kadhaa, kwa hiyo zote zirekebishwe kila wiki.

Uelekeo: dira, hasa ya simu, hudanganya karibu na transfoma na vyuma vizito. Dawa yake ni kuchora alama za rangi kwenye ukingo wa kibanda, kila nyuzi 10, zikiwa zimepimwa mapema kwa ramani. Kimo: nyoosha mkono, kunja ngumi. Ngumi moja ni takriban nyuzi 10 juu ya upeo wa macho. Walinzi wawili wakiwa wameachana mita 300, mistari ya uelekeo wao ikikutana kwenye ramani unapata mahali droni ilipo. Ikiwa ramani inasema ni mita 400 kutoka kwako, na umepima ngumi mbili, iko karibu mita 145 juu.

Angalia pia muda. Droni ndogo hukaa hewani nusu saa hivi kwa betri moja. Taa iliyoganda pale pale saa nzima, tafuta mnara au nyota.

Vifaa vya kunasa mawimbi ya redio kati ya droni na mrushaji wake, kwenye masafa ya 2.4 na 5.8 GHz, ni mwanzo mzuri, kwa sababu havirushi chochote. Lakini Wi-Fi ya jirani inatumia masafa hayohayo, na droni iliyopangiwa njia mapema au inayoongozwa kwa waya wa faiba haitasikika kabisa. Rada itaiona, pamoja na kunguru wote wa mtaa. Ndiyo maana kamera lazima ifuate rada, ithibitishe.

Vivuruga mawimbi viacheni. Vinaweza kuzima GPS ya ndege halisi na redio za mitambo yenu wenyewe, na droni iliyovurugwa inaweza kuanguka juu ya kile unachokilinda. Tena mawimbi yana mwenyewe, mamlaka ya mawasiliano: TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya. Badala yake mlinzi mmoja abaki na macho juu, mwingine atazame chini: barabarani, juu ya mapaa, kwenye gari lililoegeshwa. Mrushaji mara nyingi hayuko mbali.

Droni ikianguka, msiiguse wala kuchomoa memori kadi. Fungeni eneo, piga picha kwa mbali, ita polisi. Betri ya lithiamu iliyopondeka inaweza kuwaka dakika nyingi baadaye.

Kisha fanyeni zoezi. Kwa kibali, na msimamizi akijua, rusheni droni yenu bila kuiambia zamu, halafu linganisheni daftari na rekodi ya ndani ya droni. Kimo kilichokisiwa kwa mita kitakuwa kimekosewa na karibu kila mtu. Ngumi zitakuwa zimekaribia.