Jinsi nilivyoacha kumaliza mtaji kwenye poka ya mtandaoni

Wakuu, msimu wa korosho uliopita nilipata kahela nikaweka dola 40 kwenye poka, ule mchezo wa karata wa kuwekeana hela, nikakaa meza ya senti 5 kwa 10 (ndo dau mbili za lazima za kuanzisha kila mchezo) ambayo unaingia na dola 10, yaani mtaji wote ni viingilio vinne tu na wala sikuona shida. Usiku mmoja niko zangu barazani Mikindani nina jozi ya K, nikasukuma hela zote, jamaa kafungua jozi ya 7, kadi ya mwisho ya mezani ikaanguka 7, akawa na 7 tatu akanila. Nikaingia tena na hasira. Kabla ya adhana ya alfajiri zimebaki dola 3 na bando limekata.

Nilidhani sijui kucheza, kumbe K dhidi ya 7 unashinda kama mara 8 kati ya 10, ila zile 2 zikifuatana na una viingilio vinne ndo imetoka hiyo.

Nikaanza upya na dola 60, hela ambayo hata ikienda nyumbani hawalali njaa, nikashuka meza ya senti 1 kwa 2, kiingilio dola 2, kwa hiyo ninavyo 30. Nikiliwa vitatu kwa siku nazima simu, na hapo ndo pagumu kuliko hesabu yote, siku za kwanza nilikuwa nampa mdogo wangu akaifiche. Kupanda senti 2 kwa 5 mpaka nifike 150, ikishuka 100 narudi chini.

Huu ni mwezi wa nne tangu nianze upya, niko dola 91. Hela ya mboga tu, ila sijaongeza hata mia.